Glenda Hesketh Anafumba Macho

Glenda Hesketh alikuwa mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kumsengenya, hata mwenyewe angekubali. Mleta barua akikawia kuondoka mlangoni, Glenda alitaka kujua anachungulia nini. Jirani akimletea keki, aliikata kwanza aone ndani mna nini, ndipo aseme asante. Kwa hiyo siku barua ya hospitali ilipopenya kwenye tundu la mlango, ikimwita Manchester kwa tiba ya hipnosisi, yaani kulazwa nusu usingizi kwa maneno, aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaichomeka nyuma ya saa ya mezani.

"Wananitaka nini hawa?" akauliza, na ndani ya nyumba hamkuwa na mtu wa kumjibu.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, mkazi wa Bury, mji mdogo wa Uingereza karibu na Manchester, na kazi yake ilikuwa kuvusha watoto wa shule barabarani. Kwa miaka kumi na tisa, asubuhi na alasiri, alisimama Mtaa wa Tanner na koti lake refu la manjano na fimbo yenye kibao cha duara juu. Akiingia katikati ya barabara, magari yanasimama, watoto wanapita. Madereva wa malori makubwa walimwogopa. Tumbo lake ndilo halikumwogopa. Lilijaa upepo, likamnyonga, kisha likamkimbiza chooni bila kumpa hata dakika mbili za kujiandaa. Alijua kila choo kati ya nyumbani kwake na shule, na alijua kipi hufunguliwa saa ngapi. Madaktari walimpima damu, wakampiga picha, wakamwingiza kamera, mwisho wakamwambia utumbo wake ni mzima, ila una hasira.

"Una hasira na nani?" aliuliza Glenda.

Daktari akacheka. Glenda hakucheka, kwa sababu alidhani anajua.

Ilikuwa hivi. Mwezi Machi mwaka uliotangulia, asubuhi moja, saa tatu kasorobo kamili, watoto wakiwa ndio wanamiminika, tumbo lilimkamata. Akaiegemeza fimbo ukutani, akakimbilia choo cha ukumbi wa kanisa ulio mkabala, ambao ufunguo wake alipewa na kasisi. Hakukawia dakika nne. Alipotoka, alisikia breki. Msichana wa miaka tisa, Keeley, alikuwa amevuka mwenyewe mbio, na kigari cha Derek Pilling, msafisha madirisha, kilikuwa kimempiga kwa ubavu. Glenda aliikwapua fimbo yake, akakimbia, akapiga magoti kando ya mtoto. Watu walipojaa, walimkuta pale na koti lake na fimbo yake, na kila mmoja akadhani alikuwepo tangu mwanzo.

Polisi akamuuliza, "Ulikuwa umesimama barabarani, bibi, kibao juu?"

Glenda akasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Derek alisema hakukuwa na mtu barabarani. Akaapa. Lakini nani angemwamini Derek amwache Glenda aliyevusha watoto miaka kumi na tisa? Keeley hakukumbuka chochote. Mkono uliovunjika ulipona, na mama yake akamletea Glenda boksi la chokoleti kwa shukrani, boksi ambalo mpaka leo halijafunguliwa. Derek alipigwa faini, akatiwa doa kwenye leseni, na akina mama wa mtaa wakaacha kumpa madirisha yao. Glenda naye aliacha. Angefanyaje? Kumwita tena kungeleta maswali.

Tangu hapo tumbo lilizidi, na shuku nayo ikazidi. Watu wawili wakinong'ona dukani, wanamnong'ona yeye. Na hapo katikati ya hali hiyo ndipo jirani yake Pauline alipomletea habari za Clive, mtu wa hipnosisi.

"Alinilaza nikaacha sigara, mpenzi," Pauline alimwambia kutoka upande wa pili wa ua. Huko hata mwuza mkate anakuita mpenzi, hakuna anayeshtuka. "Nusu saa tu. Nilitoka sina hamu hata ya kunusa."

Hakusema kwamba Krismasi alikuwa ameanza tena. Glenda aliuona moshi wake kila jioni nyuma ya kibanda cha bustani, akanyamaza.

Clive alikuwa na chumba juu ya duka la mazulia, vyeti vitano ukutani na mshumaa wa kunukia. Glenda alivisoma vyeti vyote kabla hajakaa. Viwili vilikuwa na sahihi ya Clive mwenyewe. Akakaa hivyo hivyo, mkoba mapajani, miguu imeshikana.

"Akilini mwako, Glenda, mna chumba cha chini," Clive alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Tutashuka ngazi pamoja. Tutafungua mlango. Na kila ulichokificha kitapanda juu kwenye mwanga."

Glenda akasimama. "Samahani sana. Nadhani nimeacha jiko linawaka."

Jiko lilikuwa limezimwa na alilihakikisha mara tatu kabla ya kutoka. Alilipa kikao kizima, akamshukuru Clive, akaomba radhi mlangoni na akaomba tena kwenye ngazi. Njia nzima ya kurudi aliwaza nani amemtuma Pauline.

Asingekanyaga tena kwa watu wa namna hiyo kama si msimamizi wake wa halmashauri. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulimtisha. "Glenda, muhula huu umeomba udhuru mara nne. Siwezi kuacha barabara bila mtu. Nenda ukatibiwe, niletee barua ya daktari, au tukupumzishe kwa heshima." Glenda akarudi kwa daktari wa mtaa. Daktari akasema kuna tiba ya namna hii hii hospitali ya serikali, bure, kwa ajili ya matumbo hasa, ila foleni ni ndefu. Glenda alisubiri miezi saba, na barua ikaja.

Hospitalini alitarajia macho makali na sauti nene. Akamkuta Philippa Grice, muuguzi wa makamo, mnene, miwani imening'inia shingoni, sweta lina doa la chai. Chumba kilikuwa na kiti kimoja cha kulalia, kingine cha ofisi, na radieta, bomba la kupashia chumba joto, iliyokuwa ikigugumia. Glenda hakuvua koti.

"Unaweza kumfanya mtu aseme siri zake?" aliuliza kabla hata hajaulizwa hali.

"Ningekuwa naweza, mpenzi, ningejua mume wangu anaficha wapi biskuti."

"Sijauliza kwa mzaha."

"Basi nami nitakujibu bila mzaha. Hutasema usilotaka kusema. Utasikia kila kitu. Ukichoka, unainuka unakwenda zako. Mimi nazungumza na tumbo lako tu."

Hivyo hasa ndivyo mtu mwenye njama angesema, aliwaza Glenda. Lakini barua ya kumpelekea msimamizi alikuwa anaihitaji, kwa hiyo akalala, akafumba macho, na akaapa moyoni kwamba hatalala ng'o.

Philippa alianza kuhesabu kurudi nyuma, taratibu. Akamwambia aweke mkono tumboni, ahisi joto likipenya, auone mto unaotiririka bila haraka, usiofurika wala kukauka. Glenda alikuwa akihesabu mlio wa radieta. Alikohoa mara moja, akaomba radhi, akaendelea kulala. Ndipo Philippa akasema, "Ukiwa umetulia vya kutosha, kidole chako cha shahada kitainuka chenyewe."

Kidole hakikuinuka. Philippa akarudia kwa sauti ileile ya upole, na kidole kikabaki palepale.

Sasa hapa lazima uwajue watu hawa. Glenda angeweza kuvunja njama ya serikali nzima, lakini kumwaibisha mwanamke aliyejitahidi mbele yake, hapo hana nguvu. Maskini, amehesabu vizuri kabisa, aliwaza. Akainua kidole.

"Vizuri sana," alisema Philippa.

Na baada ya hapo ungerudije nyuma? Wiki ya pili aliinua kidole bila kusubiri. Wiki ya tatu aliambiwa mkono wake umefungwa puto, akauacha upande mpaka bega likamuuma. Alijifunza kupumua kama mtu aliyelala. Kila kikao kikiisha, Philippa anaandika, na Glenda anatupia jicho. Anaandika nini muda wote huo? Akiulizwa hali, Glenda husema, "Si vibaya," na tumbo lake wakati huohuo linafanya lilivyozoea. Nyumbani alipewa kanda ya kusikiliza kila siku. Hakuisikiliza, kwa sababu nani ajuaye wameweka maneno gani chini ya maneno?

Jumamosi moja, baada ya kikao cha nne, alikuwa sokoni kwenye foleni ya soseji za damu. Mtu akamwita kwa nyuma.

"Glenda."

Alikuwa Derek Pilling. Amepungua, shati limekuwa kubwa shingoni.

"Derek. Hujambo?"

"Si vibaya. Wewe je?"

"Si vibaya."

Wote wawili walikuwa vibaya sana. Foleni ikasogea hatua moja, nao wakasogea.

"Nimekuwa nikitaka kukuona," Derek alisema, akiangalia viatu vyake. "Nikuombe radhi."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa kusema hukuwepo. Nilikufanya mwongo mbele ya polisi, mwanamke kama wewe. Haikuwa haki."

Glenda alimtazama usoni akitafuta mtego, maana kuna mitego ya namna hiyo, mtu anakuomba radhi ili wewe ufunguke. Hakuuona.

"Nimepima macho mara mbili," Derek akaendelea. "Mazima, wanasema. Basi kama si macho, ni kichwa. Unamkumbuka mama yangu? Alianza hivihivi. Anasimama mbele ya jiko analitafuta jiko. Mtu ambaye hamwoni mwanamke mwenye koti la manjano na fimbo ndefu kuliko yeye mwenyewe, huyo kichwa kinaondoka, Glenda. Sijidanganyi. Nimekwisha kuandika barua ya kurudisha leseni. Ijumaa naipeleka posta."

"Usiwe na haraka," alisema Glenda.

"Sitaki nigonge mtoto mwingine. Usiku naamka naangalia kama nazikumbuka namba za simu. Nyingine sizikumbuki."

"Hata mimi sizikumbuki."

"Unanifariji tu."

Zamu ya Glenda ikafika, akanunua soseji sita ambazo hakuzitaka, akaaga, akaenda moja kwa moja chooni. Alikaa humo muda mrefu. Kwa siku mbili alijaribu kuamini kwamba Derek ametumwa, kwamba polisi wamemfundisha yale maneno. Alijitahidi sana kuamini. Lakini shati lile lililomzidi shingo lilimjia kila alipofumba macho, na hakuna polisi anayeweza kumkondesha mtu hivyo ili amtege mwanamke wa Bury.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha tano. Kwenye tramu ya kwenda Manchester Glenda alipata wazo, na kwa mara ya kwanza tangu Machi ile ya ajali wazo lilimpa nafuu. Mtu aliyelala halaumiwi. Likimtoka usingizini, si yeye aliyelisema. Yule muuguzi atalazimika kufanya ya kufanywa, kupiga simu huko zinakopigwa, na yeye Glenda ataamka, ashangae kama watu wengine. Kumbe ile hatari aliyoikimbia kwa Clive ilikuwa na mlango wa nyuma.

Akalala. Philippa akahesabu. Mto ukatiririka. Kidole kikainuka kwa wakati wake.

"Sikuwepo," alisema Glenda, kwa sauti aliyoikokota kama ya mlevi.

Philippa akaacha kusimulia mto.

"Siku ile Keeley alipogongwa. Sikuwepo barabarani. Nilikuwa chooni, ukumbi wa kanisa. Fimbo niliiacha ukutani. Nikamwambia polisi nilikuwepo." Alitaka kuishia hapo. Lakini ilikuwa imeanza kutoka, na ile sauti ya kukokota ikampotea. "Na Derek anadhani anarukwa na akili. Kesho anarudisha leseni. Aliona sawasawa kabisa, barabara ilikuwa tupu, na sasa anaamka usiku kujipima kichwa kwa ajili yangu. Aliniomba radhi kwenye foleni. Mimi nikanunua soseji."

Machozi yalikuwa yanamteremka masikioni, kama yanavyofanya mtu akilia chali. Philippa akahesabu kwenda mbele, moja mpaka tano, kwa sauti ya siku zote.

Glenda akafungua macho, akajipangusa, akajifanya kushangaa unyevu ule. "Nimesema kitu?"

"Umesema."

"Sikumbuki hata kidogo. Nilikuwa nimezama."

Philippa alivaa miwani yake, akaivua tena. "Glenda, mpenzi. Wewe hujawahi kulala kwenye kiti hiki hata siku moja."

"Nani kasema?"

"Wiki ya kwanza ulikohoa, ukaniomba radhi."

Glenda akajiinua, akaketi.

"Nimelaza watu miaka kumi na nne," Philippa alisema. "Wanakohoa, wanakoroma, mmoja alijamba. Hakuna aliyewahi kusema samahani."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Muuguzi akaona haya, mashavu yakamwiva. "Niliona haingekuwa adabu. Ulikuwa unajitahidi sana. Nilidhani siku moja utachoka kuigiza na tutaanza kazi."

Radieta iligugumia kwa zamu yake. Glenda alihisi hasira, na chini ya hasira aibu, na chini ya aibu hofu ya kweli, kwa sababu sasa hapakuwa na mwanamke aliyelala wa kusukumiwa maneno yale.

"Utamwambia nani?" aliuliza.

"Hakuna. Ulilolisema hapa si langu la kutoa."

"Lakini kesho ni Ijumaa. Lazima mtu amwambie."

"Naona hivyo."

"Wewe ungeeleza vizuri kuliko mimi. Una cheo."

"Mimi sikuwepo Mtaa wa Tanner siku hiyo."

"Wala mimi," alisema Glenda, macho wazi.

Alirudi kwa tramu ya saa nane mchana. Hakupita nyumbani, maana alijijua, angepata cha kufanya, angekumbuka vyombo. Derek alifungua mlango amevaa soksi. Kwenye meza ya jikoni kulikuwa na bahasha, stempu imeshabandikwa.

"Karibu chai," alisema Derek, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye birika kabla Glenda hajakaa.

"Usiniwekee chai, Derek. Nisikilize kwanza. Nikinywa sitasema."

Akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama, mkoba mkononi, na safari hii hakukokota sauti. Choo, ufunguo wa kasisi, fimbo ukutani, lile neno moja kwa polisi. Derek alisikiliza akiwa ameshika birika tupu. Glenda alipomaliza, Derek hakumtazama yeye. Alitazama kalenda iliyokuwa ukutani mbali, akasoma kwa sauti jina la duka lililochapwa chini kwa herufi ndogo. Akasoma na namba ya simu.

"Barabara ilikuwa tupu," alisema.

"Ilikuwa tupu."

"Niliona sawa."

"Uliona sawa. Samahani, Derek."

Derek aliketi, birika mapajani. Mabega yake yalitikisika kidogo, na Glenda hakujua kama analia au anacheka, na hakuthubutu kuuliza. Miezi ishirini mtu huyu alijiona anakufa polepole kuanzia kichwani. Glenda alisimama palepale kwenye sakafu ya jikoni ya watu, akangoja lile neno ambalo kwao kila mtu husema. Ukimkanyaga mguu, ukimwagia chai, ukimvunjia dirisha, lazima aseme. Aliliona linavyopanda kooni mwa Derek.

"Toka, Glenda," alisema Derek, kwa upole. "Toka upesi, kabla sijakwambia 'hakuna neno.' Maana nikilisema nitakuwa nimekusamehe, na bado sijakusamehe."

Glenda akaitikia kwa kichwa. Akafungua mlango mwenyewe, akaufunga taratibu nyuma yake. Kituo cha polisi kilikuwa mbali kidogo, akaenda kwa miguu.